Toa Mguu Mapema, Acha Gia Mahali Pake

Madereva wengi wa huku kwetu, kuanzia Makongeni mpaka Kimbo, wana imani moja kuhusu mafuta ambayo imepitwa na wakati: kwamba gari likifika kwenye mteremko, dereva mwerevu hutoa gia, akaliacha liteleze frii, na hapo ndipo anapookoa petroli. Utaisikia kwa dereva wa matatu, utaisikia kwa mwalimu aliyenunua Vitz juzi, utaisikia kwa mwenye lori la mawe ya Ndarugo. Wote watakupa sababu ile ile. Injini ikiwa kwenye gia inazunguka kwa kasi, mshale wa RPM uko juu, basi lazima inakula; ikiwa frii inanguruma taratibu, basi inakula kidogo. Maneno haya yanaingia akilini haraka. Lakini kwa gari lenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na hayo ndiyo karibu magari yote madogo tunayoendesha leo, ukweli ni kinyume chake. Ukiliacha gari ndani ya gia na kuondoa mguu kabisa kwenye mafuta, injini haili hata tone. Ukilitia frii, inakula.

Jambo hili si dogo kwa mtu anayekaa Thika au Ruiru na kazi yake iko Nairobi. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hututangazia bei mpya, na hatujasahau Oktoba 2023, lita ya petroli Nairobi ilipofika Sh217.36. Wapo walioegesha magari nyumbani wakarudi kwenye matatu. Ikiwa kuna shilingi ambayo dereva anaweza kuibakisha mfukoni kwa kujua tu jinsi injini yake inavyofanya kazi, ni haki yake kuijua, tena aelezwe sawasawa, pamoja na hatari zake.

Imani ya frii haikuzuka hewani. Enzi za kabureta ilikuwa na ukweli ndani yake. Wazee wetu waliendesha Peugeot 504, Datsun 1200 na Corolla za zamani, na kabureta ya magari hayo haikuwa na habari na mwendo wa gari wala mteremko. Ilikuwa ni koo jembamba lenye vitundu, ambalo hewa inayovutwa na injini hupita na kunyonya petroli njiani. Ukiondoa mguu ukiwa kwenye gia, kile kipepeo cha kabureta hufunga, lakini pistoni huendelea kuvuta kwa nguvu, na petroli huendelea kupita kwenye kile kitundu kidogo kinachoiweka injini hai gari linaposimama. Kadiri injini inavyozungushwa na magurudumu, ndivyo inavyozidi kunyonya. Mafuta hayo hata hayakuungua vizuri, ndiyo maana magari yale yalikuwa yakipiga milio ya pu-pu kwenye ekzosi yakiteremka. Baadhi ya kabureta za miaka ya mwisho ziliwekewa vali ya umeme ya kukata mafuta, lakini hazikuwa nyingi, na nyingi ya vali hizo ziling'olewa na mafundi zilipoanza kusumbua. Kwa hivyo mzee aliyekufundisha kutia frii hakuwa mjinga. Alikuwa akizungumzia gari lake.

Gari lako wewe si lile. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha shirika la viwango, KEBS, kinachojulikana kama KS 1515, hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba Vitz, Fielder, Axio, Demio na Note zinazoshushwa Mombasa na kuletwa huku zote zina nozeli za umeme. Kila silinda ina nozeli yake, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani, muda unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Kompyuta hiyo inajua mguu wako uko wapi, inajua injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, inajua joto la maji. Ikiona mguu umeondoka kabisa na injini bado inazunguka kwa kasi kuliko inavyohitaji ili isizime, inaelewa kwamba kuna kitu kingine kinachoizungusha, na inafunga nozeli zote. Hakuna petroli inayoingia kabisa.

Hapo ndipo watu huuliza: sasa injini inazunguka na nini? Jibu unalijua tangu utotoni. Betri ikifa, vijana wanasukuma gari, dereva ameweka gia ya pili, akiachia klachi injini inazunguka na kuwaka. Ni nani aliyeizungusha? Magurudumu. Gari linapotembea ndani ya gia, kuna mnyororo wa chuma usiokatika kutoka tairi hadi kwenye krenki, na nguvu inaweza kwenda upande wowote. Ukikanyaga mafuta, injini inasukuma magurudumu. Ukiondoa mguu, magurudumu yanasukuma injini, na pamoja nayo yanasukuma pampu ya oili, jenereta ya kuchaji betri, na hata kompresa ya AC ikiwa umeiwasha. Yote hayo unayapata kwa uzito wa gari na mwendo uliokwisha kuulipia. Ukitia frii, umekata mnyororo huo. Injini haina tena wa kuizungusha, kwa hivyo kompyuta inalazimika kufungua nozeli ili isizime, na AC ikiwa imewashwa inazifungua zaidi.

Ndiyo maana kelele ya injini isikutishe. Ukiwa gia ya tatu kwenye mteremko, mshale unaonyesha 3,000 na injini inalia, mguu wako ukiwa juu, matumizi ni sifuri. Mshale ule hupima mizunguko, haupimi mafuta. Injini inayolia kwa 3,000 bila petroli inakula kidogo kuliko ile iliyotulia kwa 700 ukiwa umesimama langoni ukimsubiri mlinzi afungue. Wala hailiharibu gari: oili inazunguka, maji yanazunguka, na mradi hujaipeleka kwenye eneo jekundu, hakuna kinachochakaa zaidi ya kawaida.

Kuna masharti lakini. Kwanza, mguu uondoke kabisa; ukiacha kidole kimegusa kidogo, kompyuta inafikiri unataka nguvu na nozeli zinabaki wazi. Hili huwakosesha wengi faida bila kujua, hasa wanaovaa viatu vizito. Pili, injini iwe imepata joto. Dakika za kwanza asubuhi ukitoka Ngoingwa au Membley kompyuta nyingi hukataa kukata mafuta. Tatu, mizunguko iwe juu ya kiwango fulani. Magari mengi hurudisha mafuta mshale ukishuka kati ya 1,000 na 1,500, ili injini isizime mikononi mwako. Wakati mwingine utasikia mtikiso mdogo sana, kama gari limeguswa begani, na hapo ujue nozeli zimerudi kazini. Kwa gari la manyuali la injini ya 1500 likiwa gia ya tano, hilo hutokea karibu na kilomita 40 kwa saa. Ukitaka faida iendelee, rudi gia ya tatu. Lakini usifanye hivyo kila mara kwenye tambarare, kwa kuwa klachi nayo ina bei yake.

Na kukanyaga klachi muda wote wa mteremko ni sawa na frii. Tena ni mbaya zaidi, kwa sababu beringi ya klachi inasugua bure.

Sasa tuzungumze shilingi, maana mtu anaweza kukubali haya yote na bado asijue yana uzito gani. Tuchukue Vitz au Demio ya kawaida, na lita ya petroli Sh180. Gari kama hilo likiwa limesimama na injini inanguruma hutumia takriban lita 0.7 kwa saa. Hiyo ni kama mililita 12 kwa dakika, yaani Sh2. Likitembea 80 kwa saa kwenye tambarare linatumia kama mililita 50 kwa kilomita, yaani Sh9. Na kuliondoa gari la tani moja kutoka kusimama hadi kufika 80 kunakula karibu mililita 30, zaidi ya Sh5, kabla hata hujahesabu upepo na msuguano wa barabara. Kila unapokanyaga breki kutoka 80 hadi sifuri, hizo Sh5 zinageuka joto kwenye diski na kupotea.

Angalia sasa dereva anayekaribia msongamano. Anauona mita 350 mbele, taa nyekundu zimejipanga, lakini mguu wake unabaki kwenye mafuta mpaka zibaki mita 50, kisha anakanyaga breki kwa nguvu. Mwenzake anaondoa mguu pale pale alipoona, gari likiwa ndani ya gia, na kwa hizo mita 300 linapungua lenyewe kutoka 80 mpaka kama 50. Wa kwanza amechoma mililita 15. Wa pili hakuchoma kitu. Wamefika kwenye foleni ile ile, na wa pili amechelewa sekunde tatu ambazo angezitumia kutazama matako ya lori. Tofauti ni karibu Sh2.70. Ikitokea mara 15 kati ya Thika na Nairobi, ni Sh40. Kwenda na kurudi, Sh80. Kwa siku 22 za kazi, zaidi ya Sh1,700 kwa mwezi, na hapo sijahesabu padi za breki.

Na yule wa tatu, wa frii? Katika hizo mita 300 anatumia mililita tatu hivi, yaani kama senti 54. Kwa hivyo yeye pia anaokoa, na lazima nimpe haki yake. Anaweza hata kusema hivi: gari likiwa frii halizuiwi na injini, kwa hivyo linateleza mbali zaidi, naweza kuondoa mguu mita 500 kabla badala ya 300. Hesabu yake ni sahihi. Kwenye tambarare, akipanga vizuri, anaweza kumshinda wa kwenye gia kwa mililita nne au tano. Ni chini ya shilingi moja. Lakini kwa shilingi hiyo ameendesha nusu kilomita bila uwezo wa kuongeza mwendo papo hapo, bila msaada wa injini katika kusimama, kwenye barabara ambayo watu huruka vizuizi kuvuka na matatu hukata kona kuingia kituoni bila taarifa. Sioni biashara hapo. Na kwenye mteremko mkali, ambako frii ingekulazimisha kukanyaga breki ili usipite kiasi, hoja yake inakufa kabisa: analipia mafuta ya kunguruma na kulipia padi za breki, wakati mwenye gia halipi lolote.

Utaona basi kwamba ubishi wa frii na gia ni wa senti. Pesa yenyewe iko kwenye macho na mguu: unaona mbali kiasi gani, na unaondoa mguu lini.

Barabara yetu inafaa sana kwa mazoezi haya. Thika Superhighway, iliyoanza kujengwa 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ni pana na imenyooka kiasi cha kukuwezesha kuona mbali. Ukitoka Thika kuelekea Nairobi, barabara hushuka kila inapovuka mto: Ndarugu kabla ya Juja, halafu Theta, halafu Ruiru. Mabonde haya si marefu, na ndiyo maana hayahitaji ujanja wowote. Kwenye bonde la aina hii usitoe mguu juu kabisa ya kilima, kwa kuwa utahitaji mwendo huo kupandia ng'ambo. Punguza tu shinikizo la mguu, acha mteremko ukubebe, ufike chini na mwendo wa kutosha kukusogeza upande wa pili. Gari zito hapa hufaidika zaidi kuliko jepesi.

Kwenye njia za kutokea, fanya kinyume. Ukirudi jioni kutoka mjini na unatokea Ruiru, kibao unakiona mapema, na unajua kwamba mbele kuna barabara ya pembeni yenye matatu zinazoshusha watu, bodaboda zinazosubiri, na matuta. Mwendo wa 80 hauna kazi huko. Ondoa mguu mara tu unapoingia kwenye leni ya kutokea, na injini itakufanyia nusu ya kazi ya breki bila malipo. Vivyo hivyo ukikaribia Thika. Asubuhi nayo, foleni ya kuelekea Githurai ikianza kujikusanya, utamwona dereva anayekimbilia taa za breki za mwenzake, anakanyaga, anafukuzia tena pengo la mita 40, anakanyaga tena. Acha pengo. Wataingia wengine mbele yako, ndiyo, na mtafika pamoja.

Jambo moja la usalama ambalo halitajwi vya kutosha: gari likipunguzwa mwendo na injini, taa za breki haziwaki. Dereva wa nyuma anaweza asitambue kwamba unapungua, hasa usiku, hasa akiwa na simu mkononi. Tazama kioo kabla ya kuondoa mguu. Akiwa karibu sana, gusa breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa, apate habari. Na ukiwa unateleza, kaa leni ya kushoto. Leni ya kulia si mahali pa kubania mafuta.

Wenye magari ya otomatiki huniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu sana, tena kazi yao ni rahisi zaidi: acha mti wa gia kwenye D na uondoe mguu. Gia boksi za CVT zilizo kwenye Fielder, Axio na Note hupanga zenyewe mizunguko ili mafuta yabaki yamekatwa mpaka mwendo uwe mdogo. Otomatiki za zamani za gia nne hulegeza kiungo chao mapema kidogo, kwa hivyo faida yao ni fupi, lakini ipo. Usirushe mti kwenda N ukiwa kwenye mwendo. Pampu inayolainisha gia boksi hiyo huzungushwa na injini. Injini ikishuka kwenye mngurumo wa chini huku magurudumu yakienda kasi, vyuma vya ndani vinapata oili kidogo, na ukirudisha D kwa 80 unavigonganisha kwa nguvu. Ukiharibu gia boksi ya CVT hutarudisha hasara hiyo kwa mililita nne nne maisha yako yote.

Wa Aqua, Prius na Fit za hybrid, kwenu N ni hasara ya wazi. Gari lenu likiwa D na mguu ukiwa juu, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri kubwa. Ukilipeleka N, kuchaji kunakoma. Toyota zenye herufi B kwenye gia zimewekewa hiyo kwa ajili ya mteremko mrefu tu, betri ikijaa na ikawa haiwezi kupokea zaidi. Usiendeshe nayo mjini.

Dizeli nayo? Watu hudhani dizeli ni dunia nyingine, na kwa jambo hili si kweli. Hata zile Hiace na Isuzu za zamani zenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta zina gavana ndani ya pampu, na gavana huyo hufunga mafuta mguu ukiwa juu na injini ikizungushwa kwa kasi na magurudumu. Kwa hivyo dereva wa lori hakuwa na sababu ya kutia frii hata miaka 40 iliyopita. Tofauti ni kwamba injini ya dizeli haina kipepeo cha kuziba hewa kama ya petroli, hivyo huzuia kidogo, na ndiyo sababu malori huwekewa breki ya ekzosi. Itumie. Ipo kwa kazi hiyo.

Hapa naomba wenye malori wanisikilize kwa makini. Lori la mawe likitoka machimbo ya Ndarugo limebeba tani nyingi. Barabara ya kutoka Githunguri kuja Ruiru inashuka zaidi ya mita 300 kupitia mashamba ya kahawa, yenye kona na madaraja mabondeni. Ukiteremka frii kwenye barabara kama hiyo, uzito wote unaachiwa breki peke yake. Breki zinapata joto, zinaanza kunuka, kisha zinapoteza mshiko hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Kwa magari madogo kuna hatari nyingine: mafuta ya breki. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyokwenda, na yakishiba maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama kama sponji. Uyabadilishe kila baada ya miaka miwili, ni kazi ya bei ndogo.

Kipande cha Salgaa hadi Sachang'wan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kimekula watu wengi kwa miaka mingi, na miongoni mwa sababu zilizorudiwa na polisi na wasimamizi wa barabara ni hii hii: madereva wa malori kuteremka frii ili mafuta yabaki. Yalikuwa mafuta ambayo gari lisingeyatumia kama lingeachwa kwenye gia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika jambo hili lote. Watu walikufa kwa ajili ya akiba isiyokuwepo.

Kanuni ya wazee wa malori bado ni nzuri: teremka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Ichague juu, kabla ya kuanza kushuka, kwa kuwa ukishakolea mwendo huenda isiingie tena. Na kuzima injini kabisa kwenye mteremko usikufikirie hata kidogo. Msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, usukani unakuwa mzito kama jiwe, na ukiuzungusha ufunguo kupita kiasi usukani unaweza kujifunga.

Usinisadiki kwa maneno tu, jipimie. Kama dashibodi yako inaonyesha matumizi ya papo hapo, tazama ukiondoa mguu kwenye mteremko wa Theta: mstari unaruka hadi mwisho na kubaki hapo. Kama huna, mafundi wengi wa Thika wana skana, na hata kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomekwa chini ya usukani kitatosha pamoja na simu. Mpe mwenzako aangalie wewe ukiendesha. Ila kuna mtego. Programu nyingi za simu hukadiria mafuta kwa kupima hewa inayoingia kwenye injini, na hewa huendelea kuingia hata nozeli zikiwa zimefungwa, kwa hivyo zitakuonyesha unatumia petroli wakati hutumii. Watu wengi wamedanganyika hapo. Tafuta mstari unaoonyesha muda wa nozeli kufunguka, ule unaosomwa kwa milisekunde. Ukiwa unakanyaga utaona mbili, tatu, tano. Ondoa mguu, subiri sekunde moja, utaona sifuri. Acha gari lipungue, na mshale ukikaribia 1,200 ile sifuri inageuka namba tena. Kisha jaribu frii mahali salama pasipo na magari: namba haiondoki kamwe.

Vijana wa bodaboda wako kwenye hali tofauti kidogo, na sitaki wabebwe na hesabu isiyo yao. Boxer na TVS nyingi zilizo barabarani huku bado ni za kabureta, kwa hivyo ukiteremka kwenye gia na mkono umeachia mafuta, kuna petroli kidogo inayopita. Lakini ni kidogo, na pikipiki ina tairi mbili tu, umebeba abiria, pengine wawili, na breki ya nyuma ni ya ngoma. Wapo wanaozima injini kabisa kutoka juu ya mlima ili wabanie. Msifanye hivyo. Akiba kubwa ya pikipiki iko kwenye mnyororo uliolainishwa, upepo wa kutosha kwenye tairi, na kabureta iliyosafishwa na kuwekwa sawa na fundi anayejua.

Hata kwa magari, upepo wa tairi usisahaulike. Tairi laini linazuia gari lisiteleze, na kila mita unayokosa kuteleza ni mita utakayoilipia. Pima zikiwa baridi, kwa namba iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, wala si kwa kupiga teke.

Kesho asubuhi chagua sehemu moja tu ya safari yako, mahali unapojua lazima utapunguza mwendo, na utoe mguu mapema kuliko ulivyozoea, gia ikiwa mahali pake. Fanya hivyo wiki nzima. Jaza tangi kituo kile kile, andika kilomita na lita, ulinganishe na wiki iliyotangulia. Ukikuta tofauti, mwonyeshe dereva mwenzako ile karatasi.